Santuri Niliyoianika

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Huku Kamuli tu wazima, na kahawa tumeanza kuchuma.

Tangu uende Mwanza kwa mwanao kutibiwa goti, kila ukipiga simu unaniuliza hali ya santuri zako za muziki wa filamu na tamthilia za zamani. Nami siku hizi nasema mtandao unasumbua, nakata. Mtandao hauna kosa, Shangazi.

Unakumbuka ilipokuja ile ya filamu uliyoiona ukiwa binti, kwenye gari la sinema, mvua ikawatawanya kabla haijaisha? Uliisaka miaka yote. Ilipotolewa upya, nakala chache tu, kila moja na namba yake kwenye jalada, mwanao akakutumia kwa basi. Tuliifuata Rubwera kwa bodaboda, ukaipakata njia nzima. Nyumbani ulinawa mikono mara mbili. Nilipoishika tu, ukaruka: "Ukingoni, mwanangu, ukingoni! Hiyo si ndizi!"

Halafu ile jioni kabla ya harusi yangu. Mashangazi wa wenzangu waliwafunda kwa maneno. Wewe ulikuja kwetu na mashine ya santuri, ukafunga mlango. Vinanda vikalia, ukasema, "Hapo wamegombana." Filimbi ikaingia. "Hapo mume anaomba radhi. Msamehe, ila asizoee." Tulicheka hadi mama akaja kugonga. Katika niliyofundwa yote, hilo ndilo ninalolikumbuka hadi leo.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita mvua ilivuja hadi kwenye kabati lako, majalada yakalowa. Nikafanya tunachofanya kahawa ikilowa: nikatandika turubai uani, nikaanza na ile unayoipenda kuliko zote, nikaianika juani. Mchana nikaigeuza upande wa pili ikauke vizuri! Nilipoirudia ilikuwa imejikunja kama chapati. Zile nyingine ziko salama, sikuwahi kuzitoa. Ni hiyo moja tu, na mwanao aliwahi kuniambia nakala zake zilikwisha siku nyingi.

Nimelia, sikufichi. Lakini kilichonitia hofu zaidi ni maneno yako ya Jumapili. Ulisema mwanao anakuomba uhamie huko moja kwa moja, nawe ungekubali, ila santuri zako zinakuita, hasa hiyo. Nikajua nikinyamaza utarudi, na nikisema huenda usirudi. Nimenyamaza siku nne. Siwezi kukurudisha nyumbani kwa uongo, wewe uliyenilea kama wako.

Basi nimesema. Goti likipona uamue mwenyewe. Ukija, unigombeze mpaka uchoke, nastahili. Nyumba yako naifagia kila asubuhi, kisha nakaa kidogo barazani kwako bila kazi yoyote.

Kwa santuri hiyo, Shangazi, usirudi. Rudi kwa ajili yangu.

Nakupenda sana,
Binti wa kaka yako