Kidole Mara Moja

Dzaleka, 4 Machi 2025

Mdogo wangu Gabriella,

Uko aje huko Kauma? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku kambini tuko tu. Wilondja ananyonya vizuri, ila usingizi mi nilishausahau.

Nimechanganyikiwa. Ile gari ya kupeleka batoto hospitali Lilongwe, mlisema sasa mama anaomba nafasi kwa telefone, kwa ile programu unayochora na wenzako. Nikaandika jina la mtoto, nikaandika mguu uliopinda, nikafinya pale pa kijani. Kimya. Nikangoja. Leo gari imekuja, dereva anasoma majina, la Wilondja halimo. "Mama, haukuomba." Niliomba! Muganga alisema plasta ya mguu ibadilishwe kila wiki, mifupa ikiwa bado laini. Tukiacha, mguu utarudi kupinda. Kosa langu ni gani?

Dada yako mkubwa,
Sabine

Kauma, 5 Machi

Dada Sabine,

Kikohozi kimeisha, asante. Mbusu Wilondja kwa ajili yangu.

Pole sana, lakini sielewi. Hapa kwetu inafanya kazi. Mtandao ukiwa mzito ombi halitoki, basi mtu anabonyeza tena, linaenda. Mbona haukubonyeza tena? Kitufe tulikifanya kikubwa ili kila mtu akione. Gari inarudi Jumanne. Safari hii bonyeza hata mara tano.

Mdogo wako,
Gabriella

Dzaleka, 6 Machi

Gabriella wangu,

Natumaini umeamka na nguvu. Mi sina, mtoto amelia sana.

Mara tano! We umesahau Dzaleka upesi hivi? Siku ya posho unaweka kidole kwa mashine mara moja. Ukikirudisha, wanasema unataka kula ya mwenzako, wanakutoa kwa mstari mbele ya bantu. Njo maana nilifinya mara moja nikakaa kwa heshima. Jirani yangu Pascaline naye vilevile. Tunangoja tu.

Hata Wilondja nikimgusa anageuka. Hiyo yenu imenyamaza: imesikia, imekataa, ama imekasirika? Mi nitajuaje?

Usinitumie maelezo tena. Njoo ukae chini na sisi, uangalie vidole vyetu, ufunge mdomo. Nakupenda, lakini njoo.

Dada yako,
Sabine

Kauma, 9 Machi

Dada,

Nilifika salama, ila kabaza wa baiskeli alinimwaga matopeni karibu na lami. Mgongo wako wa kubeba mtoto umepoa?

Najua nilikuchosha jana huko kwako na vile vikaratasi nilivyovichora kama kioo cha telefone. "We Gabriella, nimefinya karatasi, sasa inipeleke hospitali?" Pascaline alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Lakini kazi yetu njo hiyo: kumwangalia mtu, kuchora kitu kisicho na gharama, kumpa ajaribu, kurekebisha, kumpa tena. Kile kiduara cha kuzunguka tulikipenda sana ofisini. Nyinyi mlisema telefone inakufa. Nimekitoa.

Sasa mi njo nimechanganyikiwa. Wenzangu wanasema maneno tuliyoandika na nyinyi, ya kumwambia mama kama ombi limetoka, ni mengi, yanachafua kioo. Wanataka kwanza wajaribu na bantu wa mjini, ndipo tubadilishe. Mkubwa wangu hajasema ndiyo wala hapana. Nikiweka bila ruhusa, naweza kufukuzwa. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Gabriella

Dzaleka, 9 Machi

Gabriella,

Ujumbe wako umeingia sasa hivi. Mgongo ni uleule. Umekula leo?

Mi sijui mambo ya ofisi, na sitaki ukose kazi. Nenda kesho kwa mkubwa wako, umwonyeshe ile picha ya mguu wa mtoto uliyopiga jana, umwambie Jumanne ni keshokutwa. Usilie mbele yake. Akikataa, njoo ukae na sisi, tutamwomba dereva pamoja.

Dada yako

Lilongwe, 11 Machi

Mdogo wangu,

Salama? Jana haukuniandikia hata neno, nikajua mkubwa wako amekufukuza. Nikafinya hivyohivyo, kwa woga. Telefone ikatetemeka: "Ombi halijatoka. Finya tena, si kosa." Nikasoma na Pascaline, tukaangaliana. "Finya we." "Hapana, finya we, njo mtoto wako." Nikafinya. "Nafasi ya Wilondja iko."

Bado sielewi mkubwa wako alisema nini, ama kama ulimuuliza. Utaniambia. Plasta mpya haijakauka, imelowesha sketi yangu yote, ni nzito na baridi, na sitaki kumshusha.

Dada yako,
Sabine