Mate ya Baba Shiru

Jumamosi, mtaani kwetu Landless. Jua limechoma mabati tangu asubuhi, na mimi nimepiga mtu.

Naanza hapo kwa sababu nikianzia kwingine nitajitetea. Nimempiga Mama Njeri kofi la uso mbele ya kikundi chote cha maombi, katika chumba ambamo mume wangu anakufa.

Anakufa. Neno hilo nililipiga marufuku humu ndani tangu hospitali ituruhusu kurudi nyumbani na saratani yake ya koo na dawa ya maumivu peke yake. Jirani aliyelitaja nilimfukuza. Shemeji alipouliza kama tumefikiria mazishi, nilimrushia kikombe kikapasukia mlangoni. Kila alfajiri nimekuwa nikikanyaga sakafu nikiamuru mauti yatoke, hadi mpangaji wa upande wa pili anagonga ukuta. Kanisani kwetu Ruiru wananijua kwa hilo. Kukiwa na mgonjwa aliyeshindikana husema mwiteni Mama Shiru, huyo huomba kama anapigana.

Nilikuwa napigana kweli. Sikujua ni nani anayeumia.

Kwa siku kadhaa sasa Baba Shiru ameniomba kitu kimoja tu. Anataka kumbariki binti yetu Shiru vile babake alivyombariki yeye, kwa maneno machache na mate kidogo kifuani. Sisi Wakikuyu tunajua mate ya mzazi ni baraka, na yale ya mwisho ndiyo mazito zaidi. Kwa hiyo nilikataa. Niliogopa kwamba akishayatema atakuwa amemaliza, na ataenda. Shiru hushona nguo kiwandani Ruiru, karibu hapo tu, lakini kila akipiga simu nilimwambia babake anaendelea vizuri, asijisumbue kuja. Nilimdanganya mtoto nikaita uongo huo imani.

Leo mchana kikundi kikafika kutoka Ruiru. Tukafunga madirisha, tukaanza. Choma, vunja, kata. Watu wanapiga ukuta, jasho linatiririka, na sauti yangu iko juu ya zote. Mama Njeri, rafiki yangu kuliko wote, akaweka kiganja kwenye koo la mgonjwa akakandamiza, akiuamuru uvimbe utoke.

Baba Shiru akatoa mlio ambao sitausahau. Damu ikamtoka mdomoni.

Wakashangilia. Walidhani pepo anatoka.

Nilimwangalia mume wangu. Hakuwa anamtazama Mama Njeri. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikapiga. Mama Njeri akaangukia meza ya dawa, mdomo ukapasuka, chupa zikamwagika. Sikuacha hapo. Niliwasukuma wote nje, mwingine nikamtupia viatu vyake uani. Mama Njeri alisimama mlangoni akijifuta damu na leso.

"Mama Shiru, si ni wewe ulituita?"

Ni mimi. Nikafunga mlango.

Nilimpangusa Baba Shiru damu huku nikiwaka hasira, na hasira yenyewe haikuwa kwa Mama Njeri tena. Nilitaka kujiuma. Badala yake nikakaa kitandani nikamshika mkono, tukasema Baba Yetu polepole, mimi kwa sauti na yeye kwa midomo. Kuna pale tunapomwambia Mungu mapenzi yake yafanyike. Miezi hii yote nimekuwa nikiparuka hapo mbio kama mtu anayepita kwa mbwa mkali. Leo nilisimama hapo. Nilisema yote, nikalia, na kidole chake kikabonyeza kiganja changu.

Nilikuwa nimedhani nimemfukuza Mungu pamoja na kile kikundi. Kumbe alibaki. Chumba kilikuwa kimetulia, na kwa mara ya kwanza tangu augue sikuogopa.

Nikamuuliza kama bado anamtaka Shiru.

"Mwite," akasema, kwa sauti niliyoisikia kwa kuinama. "Lakini nimekauka, mami."

Shiru ameshaingia shifti ya usiku na simu zao huachwa getini. Nimemwandikia ujumbe bila kuficha: babako anakufa, njoo. Atausoma akitoka asubuhi. Mama Njeri nimempigia, hajashika. Nitaenda kwake kumwomba msamaha, hata akinifungia mlango nitaongelea nje.

Sasa nachovya pamba kwenye maji namlowesha ulimi. Unakauka kabla sijairudisha pamba kikombeni. Pumzi inakwenda, inakaa, inarudi.

Bwana, nimekupigia kelele kwa mambo makubwa. Leo siombi apone. Mweke hadi Shiru afike, na umwachie mate kidogo mdomoni.