Bendi Uitakayo Harusini

Mpwa wangu Zuhura, salamu tele, wewe na mamako.

Ile bendi ya magitaa ya umeme uitakayo harusini nimeiona jana ukumbini Ganjoni. Ovyo! Wanawaiga wale wa kwenye televisheni: nywele machoni, kelele kama mabati yakiburutwa. Bibi mmoja wa Kuze akainuka na noti kumtunza mwimbaji, kama tufanyavyo kwenye tarabu. Kijana akadhani bibi anakuja kumpiga, akaruka nyuma, akaangukia ngoma.

"We mwana, nakutunza, mbona wanikimbia?"

Basi nikapanda mimi, nikaimba bila mashine. Meli za Kilindini zilizima honi kunisikiliza!

Nimekwisha kuwaagiza watu wa tarabu. Nuna utakavyo, mamako sharti apate wa kumtunza siku ya bintiye. Mungu akupe mume mwema, asiyejua gitaa.

Mjombako Athmani