Rais Anaanika Dagaa

Jumatatu, 3 Februari

Mvua tena. Dagaa nimewatoa, nimewarudisha ndani, nimewatoa. Nyumba nzima inanuka. Shani anaota meno, hataki kushuka mgongoni. Uji nimeupika kwa mkono mmoja.

Issa kafika na treni. Hakupiga simu. Mdogo wangu, mwaka wa tatu, amebakiza muhula mmoja tu. Begi moja na kandambili. Anasema chuo kimefungwa, wanafunzi wote wametolewa. Nimeuliza kuna nini. Kambeba Shani, katoka naye uani.

Kakonda.

Jumatano, 5 Februari

Mtaa mzima wa Buzebazeba umeshajua.

Mwaka jana alipochaguliwa rais wa wanafunzi tulichinja mbuzi. Sisi tulijuaje? Rais ni rais. Watu walikuja na shida zao hapa mlangoni, mzee mmoja akataka asemewe habari ya kiwanja chake. Leo Mama Hadija, jirani wa ukuta kwa ukuta, kapaza sauti uani: "Mama Shani, ikulu ndiyo imehamia kwenu? Rais mstaafu analipwa na nani?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilitaka kumrushia ndoo.

Jambo lingine. Issa kazunguka mtaa akiuliza nani ana gari, nani ana bajaji, nani hazimi simu akilala. Kakaa nusu saa na Saidi wa bajaji. Nimemwuliza, una wazimu?

Alhamisi, 6 Februari

Leo kasema. Tulikuwa tunageuza dagaa kwenye chanja, hatutazamani, ndiyo maana kaweza.

Ni binti wa Kalinzi, Leokadia, mwaka wa kwanza. Tumbo lilimshika usiku bwenini. Gari la chuo lilikuwepo, limefungiwa, mwenye ufunguo hakupatikana. Wakambeba kwa blanketi kwenda barabara kuu, watu wanne, kila mmoja na pembe yake. Kafia njiani. Issa alishika upande wa kichwa.

Kulipokucha walikibeba kitanda chake, wakakiweka mbele ya geti la utawala. Wanafunzi wote nyuma yao. Mabomu ya machozi. Chuo kikafungwa.

Nikauliza, wewe rais, na mawaziri wako, mlishindwa kutoa gari? Kacheka vibaya. Ndipo akanieleza. Zamani chama cha wanafunzi kilikuwa chao wenyewe. Kikisema leo hatuingii darasani, haingii mtu. Kiligoma sana, kikapigwa marufuku, viongozi wakarudishwa makwao. Kiliporudi kikaja na jina kubwa, serikali ya wanafunzi. Rais, mawaziri, bunge, hadi spika. Lakini katiba yao wanaipitisha wakubwa wa chuo, na hata ofisi yao inafunguliwa na mshauri wa wanafunzi akipenda. Waziri wake wa afya alikuwa na muhuri na kopo la vidonge vya kichwa. Basi.

Na sisi tulichinja mbuzi.

Jumapili, 9 Februari

Wamempigia. Chuo kinafunguliwa tarehe 17, wote warudi. Ila viongozi watatu wana sharti: yeye, makamu wake na yule waziri wa afya. Wasimame ukumbini mbele ya wenzao, waseme kwa midomo yao kwamba mgonjwa alihudumiwa kwa wakati, na kwamba maandamano yalikuwa uchochezi wao. Asiyesema hana chuo.

Nimemwambia aseme. Sikufikiri mara mbili.

Jumanne, 11 Februari

Mbalamwezi. Dagaa hawafuati taa, mitumbwi imelala. Tumegombana.

Mama alipofariki niliacha shule kidato cha pili ili huyu asiache. Sijawahi kumsimanga. Leo nimemsimanga, mbele ya mtoto. Nikamwambia Leokadia kafa, maneno hayamuumizi tena. Nenda kaseme, uvae joho, ukishamaliza ukatubu. Kasema wenzake wameapa, mmoja akifukuzwa wote wanatoka darasani. Nikamwambia, tutaona.

Baba Shani kapiga simu kutoka Uvinza, anakofanya kazi ya chumvi. Na yeye anasema asiwe mjinga, aseme.

Nimechoka. Mgongo unauma hadi kwenye meno.

Jumatano, 12 Februari

Kakubali. Ataondoka Jumamosi. Nimemfulia shati jeupe.

Nilidhani nitafurahi.

Ijumaa, 14 Februari

Bodaboda kasimama mlangoni, pikipiki imejaa tope jekundu la milimani. Kashuka mama mtu mzima, kitenge cheusi, mkungu wa ndizi. "Mwakeye," kasalimu kwa Kiha. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Rais anakaa hapa?" Nikajua na huyu kaja kututania. Nusura nimjibu vibaya.

Ni mama yake Leokadia. Kashuka kutoka Kalinzi.

Issa alikuwa anaanika nepi za Shani. Kumwona tu akakaa chini, palepale kwenye maji.

Mama hakulia. Alikaa kwenye kigoda, kamshika Shani kanga asianguke. Akamwambia Issa, "Ulinikuta stesheni namsindikiza mwanangu. Ukaniambia, mama usiogope, kule rais ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Nikajua una gari."

Shani anagonga kikombe.

Kisha akasema, "Chuo walinipigia. Wakasema alihudumiwa mapema, ni Mungu tu kampenda. Nikawashukuru. Nimewashukuru sana mimi."

Issa akanitazama. Mimi nikatazama ndizi.

Issa kamweleza yote. Ufunguo, blanketi, barabara. Ningeweza kumkatiza, nimkaribishe mgeni chai, nifanye lolote. Sikumkatiza. Mama akauliza moja tu, kama mwanawe aliita mtu.

"Alikuita wewe. Kwa Kiha."

"Kasemaje?"

Issa akasogea akamwambia sikioni. Sikusikia. Sitamuuliza.

Chai hakutaka. Alipokuwa anapanda pikipiki kanishika mkono, kanishika kwa nguvu, kama mimi ndiye niliyempigia ile simu. "Sasa mwanangu, zile shukrani zangu nazirudishaje?"

Bodaboda akaondoa pikipiki.

Jumamosi, 15 Februari

Shati limepigwa pasi, linaning'inia mlangoni. Begi tayari.

Nilikuwa namenya zile ndizi, utomvu mikononi. Issa kasimama mbele yangu kama alivyokuwa akisimama zamani akitaka ruhusa ya kwenda kuogelea. "Nikaseme, dada?"

Nikamwambia, usiende.

Akadhani hajasikia vizuri. Akauliza tena.

"Nimesema usiende. Usinisemeshe mara mbili. Kaa, ule."

Tumekula ndizi. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Sikumlilia Leokadia, Mungu anisamehe. Nililia joho.

Jumatatu, 17 Februari

Simu zimeingia toka asubuhi. Makamu kasimama, kasema. Waziri wa afya naye kasema. Kisha watu wakaenda darasani. Wote. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwa ajili ya Issa.

Nilimwambia tutaona. Tumeona. Ningefurahi kukosea.

Siwalaumu. Kila mmoja wao ana dada mahali.

Jumatano, 19 Februari

Wamempigia. Si mwanafunzi tena. Maongezi hayakufika dakika moja, na alisema "asante" mwishoni, sijui ya nini. Mazoea.

Baba Shani nilipomwambia alikata simu. Hajapiga tena.

Jioni Mama Hadija kaja na bakuli la maharage. Hakutania. Kaliweka mezani, kampapasa Shani kichwani, katoka. Hapo ndipo nilipojua mtaa umetuhesabu kuwa wafiwa.

Nimelikunja shati jeupe. Nimeliweka chini kabisa sandukuni, chini ya vitenge. Kumpa mtu siwezi.

Jumamosi, 22 Februari

Issa kapanda Kalinzi kwa pikipiki. Kawapelekea kina mama Leokadia dagaa. Karudi na tope hadi magotini, kasema walilima pamoja kwenye kahawa, hawakuzungumza mengi. Anataka kurudi wiki ijayo.

Nikamwambia nenda.

Jumanne, 25 Februari

Giza limerudi ziwani. Mitumbwi imeingia imejaa, ufukwe wote wa Katonga unang'aa dagaa. Jua zuri, halikujificha hata kidogo.

Issa kaanika na mimi siku nzima. Mkono wake mzito, anawarundika. Nimemwonyesha kuwatandaza, kila mmoja apate jua lake. Watoto wa mtaa wakipita wanamwita, "Rais, shikamoo!" Mwanzo alikuwa anainamisha kichwa. Siku hizi anaitika marahaba.

Jino la Shani limetoka. Dogo, kali. Kaning'ata nikapiga kelele, Issa kacheka. Mara ya kwanza kucheka kweli tangu arudi.

Saidi wa bajaji kapita kama anavyopita kila jioni sasa. Hashuki, anapunguza mwendo tu mlangoni.

"Rais, nipo leo. Simu iko wazi usiku kucha."

"Haya, Saidi."

Nikaingia ndani kuwasha jiko.