Nusu Senti ya Basi

Jumanne, 16 Aprili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mama kitini, mimi usukani, kama kila siku. Dakika ishirini hadi jiko la uwanja wa ndege, anakopakia vyakula vya abiria. Macho yake hayamruhusu kuendesha, na mji huu hauna basi hata moja. Yule mwanamke wa sare ya buluu alikuwepo tena, anatembea kwenye nyasi kando ya barabara kwa sababu njia ya miguu hakuna. Mama akasema, "Simama." Nikasema tutachelewa. Tulifika mapema.

Barua ya Houston bado iko chini ya godoro. Shahada ya pili, afya ya jamii. Wanataka jibu kabla ya katikati ya Mei. Kura ya basi ikipita, nakwenda. Isipopita, nani atampeleka Mama kazini?

Jumatano, 17 Aprili

Nimeisoma karatasi ya kura mara tatu. Nusu senti juu ya kila dola tunayonunua, kwa ajili ya mabasi na njia za miguu. Texas haikati kodi ya mapato. Mji utatoa wapi kingine? Majirani wameweka mabango ya HAPANA mbele ya nyumba zao. Nyumba zenye magari matatu.

Jumapili, 21 Aprili

Upatu wa kina mama ulikuwa kwetu. Wanane, watano wana uraia, kwa hiyo kura tano. Nilisubiri wamalize biriani nikasimama na karatasi zangu.

"Haya kimya, mheshimiwa diwani anahutubia," akasema Bi Rukia, mwenye duka la vitambaa. Wakacheka. Mama naye.

Nikaeleza. Nikasema kodi ni mchango kama ule tunaochangiana msibani, ila huu hakuna wa kuukwepa.

"Mchango husomwa jina, mwanangu," akasema Bi Rukia. "Huu wako wanachukua na hawasemi hata ahsante. Huko ni kuibiwa kwa adabu."

Wakacheka tena. Wakarudi kwenye habari za harusi ya mjini Katy. Nilikwenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi tayari. Nawapenda na siwavumilii.

Jumatano, 24 Aprili

Nimegonga milango kumi na minne. Iliyofunguliwa: mitatu. Mzee mmoja aliniuliza natoka wapi, kisha akaniuliza huko kwetu mabasi yapo. Nikasema yapo. Akasema, "Basi ungebaki nayo." Nilimshukuru! Kwa nini nilimshukuru?

Alhamisi, 2 Mei

Sijalala vizuri. Mama anauliza nina nini, nasema kazi. Uongo wa zaidi ya mwezi sasa. Nikimwambia habari za Houston atasema nenda, kisha atakwenda kazini kwa miguu, kwenye nyasi. Namjua.

Mwanamke wa buluu leo alikuwa amevaa mfuko wa plastiki kichwani. Mvua. Sikusimama.

Jumamosi, 4 Mei

Nimempeleka Mama kupiga kura, nami nikapiga. Nikabaki nje na karatasi zangu, mbali kiasi sheria inavyotaka, hadi walipofunga. Miguu inauma.

Kura ya basi imeanguka. Wala si kwa kura chache. Zingekuwa chache ningepata wa kumlaumu.

Jumapili, 5 Mei

Upatu, safari hii kwa Bi Rukia. Sikutaka kwenda. Nani mwingine angemwendesha Mama?

Bi Rukia alinisubiri nikae. "Zuhura, nisikufiche. Mimi nilipiga hapana." Alisema hivyo huku ananipakulia wali. Nikaacha sahani nikaenda jikoni. 

Kutoka jikoni nikawasikia wakigawana siku. Jumatatu Rukia. Jumanne Mama Shamsa. Jumatano fulani, Alhamisi fulani, kwa zamu, kama wanavyopokezana upatu. Nikadhani ni harusi. Ilikuwa Mama. Kumpeleka na kumrudisha, kuanzia kesho, mpaka mtoto amalize masomo Houston.

Nikamwuliza Mama amejuaje.

"Kwani kitanda chako hutandikwa na nani?"

Alijua tangu Machi. Mimi nagonga milango ya wageni, yeye alikuwa ameshapata magari matano. "Mimi sikukuambia unisubirie basi," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unalisubiri."

Nilipaswa kufurahi. Nilikasirika. Ndivyo tulivyo: wetu tunambeba mgongoni, asiye wetu na atembee. Nikawaambia. Nikawauliza mwanamke wa sare ya buluu yuko kwenye upatu wa nani.  Akajibu Bi Rukia: "Na wewe unampita kila siku na kiti cha nyuma kitupu."

 

Jumatatu, 6 Mei

Honi moja tu nje. Mama akatoka, anacheka kabla hajafika garini. Bi Rukia wa hapana, saa kumi na moja na nusu, kamili.

Nimejaza fomu ya Houston, nimebandika stempu kwenye bahasha. Nyumba kimya. Usingizi umegoma kurudi.

Nikachukua gari. Alikuwa palepale, upande wa kulia, viatu vimelowa umande. Nikasimama. Aliinama dirishani, akauliza kwa Kiswahili cha Kongo mimi niko naenda wapi.

Nikasema, popote unapokwenda.