Bili ya Taya la Dija

Bagamoyo, 3 Machi 1974

Kaka Mwinyijuma,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Mimi mwili wote mzima, isipokuwa mdomo. Tangu daktari wa hospitali yenu anifunge taya kwa waya, nanyonya uji kwa mrija wa jani la mpapai. Wanaokuja kunipa pole huleta samaki wa kukaanga. Mgonjwa mimi, anayenenepa shemeji yako.

Ulipoingia wodini ukauliza nimepatwa na nini, alijibu Seleman huyohuyo: "Kateleza kisimani." Kaka, kisima chetu hakina ngumi. Kosa langu mchuzi ulizidi chumvi, naye ni mtunza ghala wa kampuni ya chumvi!

Watu wakiona husemi, hudhani na masikio yamezibwa. Jana kamwambia mama yake mbele yangu: "Kampuni italipa, ajali za wake zetu wanazilipia. Na bili anaiandika kaka yake mwenyewe, atanisitiri."

Usimsitiri. Pole zimenitosha. Nataka alipe yeye, kisha nitoke kwake. Mwandiko usiucheke, nimejifunzia kwenye magazeti ya kufungia vitumbua.

Mdogo wako,
Dija

Dar es Salaam, 19 Machi 1974

Mdogo wangu Dija,

Marahaba. Huku wazima, wifi yako anakuombea.

Kwenye bili zetu taya kuvunjika kuna namba yake, na kilicholivunja kina yake: kuanguka mbali, kupigwa mbali. Nilimpa daktari barua yako. Kaisoma, kaenda kukiondoa kisima kwenye jalada kwa mkono wake. Nikaandika bili upya. Kampuni wakairudisha mbio: wao hulipia ajali, ngumi hulipiwa na mwenyewe.

Jana, Jumatatu, Seleman kaja dirishani kwangu na kanzu ya Ijumaa.

"Shemeji, namba ni namba tu. Niwekee ile ya kuanguka."

"Na meneja wako akituma mtu kukikagua kisima?"

Akauliza ni shilingi ngapi. Nikampa karatasi ya kulipa kidogo kidogo. Akatia saini huku akiliangalia basi la Bagamoyo lisimwache, wala hakusoma mstari wa juu: amepigwa na mumewe. Nakala hii hapa, ifiche.

Waya zinatolewa katikati ya Aprili. Njoo na shangazi Mosi. Ukirudi, jifunge mtandio mdomoni, unyamaze vilevile, asijue umefunguliwa.

Kaka yako,
Mwinyijuma

Bagamoyo, 3 Mei 1974

Kaka,

Shikamoo tena, na safari hii naitamka kwa sauti huku naandika.

Nilirudi na mtandio mdomoni, nikaendelea na uji wangu, na shangazi Mosi akanipelekea shauri la talaka barazani. Juzi Seleman kamwita jirani yetu Rehani, wakakaa mbele yangu.

"Baraza wakikuuliza, sema ulimwona akiteleza na ndoo."

"Ndoo ya rangi gani?"

"Ya buluu."

Jana kwenye baraza la usuluhishi Rehani aliighani ndoo ya buluu kama kasida. Seleman akainua mikono: "Muulizeni mwenyewe, ingawa masikini hawezi kusema." Shehe wa baraza akanisogezea kalamu.

Nikafungua mtandio. "Kalamu sihitaji, shehe. Kwetu hakuna ndoo ya buluu. Muulize Rehani kaambiwa na nani, juzi, kwenye mkeka wangu."

Rehani akainama. "Mimi nilifundishwa tu."

Hapo nikatoa karatasi yenye saini. Seleman akabaki mdomo wazi, utadhani sasa yeye ndiye wa kufungwa waya. Talaka kaitoa palepale, na mahari sirudishi.

Niko kwa shangazi Mosi, natafuna pweza. Taya limehama, deni limebaki kwake. Mwisho wa mwezi akija dirishani kulipa, nisalimie. Muulize mchuzi wa siku hizi umekolea?

Mdogo wako,
Dija