Gari la Muzee Linageuka Kinyume

Kasha, Alhamisi

Furaha, mutoto wangu, miezi mitatu bila kufika hapa? Huko Sange unakokaa si Ulaya! Ninakuandikia barua hii mu kaye, daftari langu, kwa sababu kwa simu papa yako angenisikia.

Tangu mukono wake wa kushoto ulegee, usukani wa lile gari lake la zamani ulimushinda. Fundi Bahati akasema, "Maman, tuweke direksioni asiste, mashine ya kusaidia usukani, atageuza na kidole kimoja." Akatoa mashine kwa gari lililokufa, la usukani wa kuume, akaifunga kwa letu, la usukani wa kushoto.

Leo muzee alivaa koti la misa, akaingia. Akageuza kushoto. Gari likaenda kuume, likabomoa ukuta wa jikoni.

Bahati akashika kichwa. "Papa, kosa ni langu! Mashine ile, kwa hili gari inageuza kinyume."

"Usinidanganye, kijana. Ni mukono wangu. Hata kichwa sasa kinachanganya pande."

Nikamuambia, "Wewe, kichwa chako ni kigumu lakini hakijaharibika!" Hakucheka. Alinipa funguo kama mutu anayeaga. Hajala tangu hapo, na amekataa kutoka amuone Bahati akijaribu. Ninaogopa. Mutu akiacha kuamini mwili wake...

Bahati anataka kufungua mashine kesho. Nimemukataza mpaka ufike. Wewe, papa yako hajawahi kukukatalia kitu. Ukifika, usinisalimie kwanza. Mutoe nje, ingia mu gari, geuza kushoto na mikono yako mizima, naye asimame pale aone gari linaenda wapi.